Taa, Mawe na Upepo

Kabla neno redio halijatulia vinywani mwetu, watu walisema simu ya upepo. Simu tuliichukua kwa Waajemi, na kwao asili yake ni waya. Aliyesema simu ya upepo alikuwa anataja, akijua asijue, waya uliotandikwa angani pasipo nguzo. Nalipenda jina hilo kwa sababu linaonyesha lilivyofikiriwa. Watu walikuwa wameshaziona nguzo zikisimamishwa kando ya reli, wameshaelewa kwamba habari inapita ndani ya chuma, kisha wakaambiwa ipo nyingine ambayo chuma haikihitaji. Wakachukua neno walilokuwa nalo, wakaliongezea kitu kipitacho kisichoonekana.

Hapa Mazinde, chini ya milima ya Usambara, historia yote ya neno hilo inaweza kusomwa kwenye ardhi. Katika karne ya 19 Semboja, mwana wa mtawala wa Usambara Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake hapa chini, na misafara ya kutoka pwani ilipita mlangoni pake. Habari ilikwenda kwa mwendo wa mpagazi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, ikaja kupita Mazinde kuelekea Moshi, na pamoja na reli ukaja waya. Simu ya upepo nayo haikuchelewa: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walikuwa na mnara wake Dar es Salaam, na Agosti 1914, vita ikiwa na siku chache tu, manowari ya Kiingereza Astraea ilitumwa kuupiga mizinga. Anayetaka kujua kitu kina thamani gani atazame kinachopigwa kwanza.

Lakini mitambo ya wakati ule ilikuwa ya cheche. Ninayotaka kuyazungumzia ni maneno ya kizazi kilichofuata, kizazi cha redio zenye vichupa vya kioo ndani, zilizotawala tangu miaka ya 1920 mpaka transista, iliyozaliwa Marekani mwishoni mwa 1947, ilipozifukuza sebuleni miaka ya 1960. Kichupa hicho tukiiteje? Vitabu vya fizikia vinatupa neli ombwe, yaani bomba lisilo na hewa. Waliosoma kwa Kiingereza wanasema vali. Fundi mmoja mzee wa Mombo, ambaye nilipita kumsalimu kwa ajili ya jambo hili hili, alisema taa.

Nilimwamkia, akaitika marahaba, akavuta redio ya kabati la mbao iliyokuwa uvunguni mwa meza. Alifungua ubao wa nyuma. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka, na taa tano zimesimama kila moja kwenye soketi yake. Aliichomoa moja taratibu, akiitikisatikisa ili miguu yake isipinde, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Juu ya utosi wake, upande wa ndani wa kioo, palikuwa na doa linalong'aa kama kijiko kipya. "Hii nzima," akasema. Akachomoa ya pili. Doa lake lilikuwa jeupe, limefifia kabisa. "Hii imeingia upepo, mwanangu. Haina dawa."

Doa lile ni madini ya bariamu. Kiwandani, hewa ikishanyonywa na kichupa kuzibwa, bariamu huchomwa humo ndani ili imeze mabaki ya gesi yaliyosalia, na huganda kwenye kioo kwa rangi ya fedha. Kioo kikipata ufa, hata ule usioonekana, hewa huingia na bariamu hugeuka nyeupe. Kwa hiyo kauli ya mzee ilikuwa sahihi neno kwa neno. Na tazama jinsi maneno yanavyokutana: chombo kilichoitwa simu ya upepo kiliishi kwa sababu ndani yake hamkuwa na upepo hata kidogo.

Kuhusu taa nataka kusimama kidogo, maana wapo wanaoliona neno hilo kuwa la watu wasiosoma. Mwaka 1883 Edison, akihangaika na balbu zake kuingia weusi kwa ndani, aliona kwamba akiweka kipande cha chuma ndani ya balbu, umeme unaruka kutoka kwenye utambi wa moto hadi kwenye chuma hicho bila kugusana. Hakulifanyia jambo hilo kitu cha maana. Mwingereza Fleming, aliyewahi kuwa mshauri wa kampuni ya Edison mjini London, alizirudia balbu hizo, na mwaka 1904 akapata chombo cha kunasia mawimbi ya redio. Alikiita kwa Kiingereza jina lile lile la kilango cha injini, kwa kuwa umeme ulipita upande mmoja tu. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akatia kati ya utambi na bamba kitu cha tatu, wavu wa waya mwembamba, na hapo umeme mdogo uliotiwa kwenye wavu ukaweza kuutawala umeme mkubwa unaopita. Ndiyo siri ya kukuza sauti. Chombo chenyewe, basi, ni mtoto halali wa balbu. Anayekiita taa amekitaja kwa ukoo wake, na vali ni neno la kazi yake moja tu, tena ile ya mwanzo.

Wala sehemu zake hazihitaji tuende mbali. Utambi tunao tangu koroboi. Wavu tunao, na kazi yake hapa ni ile ile ya kuzuia na kuachia. Bamba tunalo. Kwa maneno hayo matatu mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuelezwa taa ya redio akaiona akilini.

Taa zilikuwa na tabia yake, na tabia hiyo ilizaa desturi ya nyumbani. Ukiwasha, hupati kitu mara moja. Unasubiri zipate moto, karibu nusu dakika, mpaka utambi uive wekundu na sauti ianze kupanda kutoka chini. Aliyetaka kusikia taarifa ya habari saa mbili aliwasha kabla ya saa mbili. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, redio nyingi zilizoipokea zilikuwa za namna hii.

Nyumba za vijijini hazikuwa na umeme. Redio za taa za vijijini ziliendeshwa kwa betri kavu, nazo zilidai betri mbili kwa pamoja: ya volti moja na nusu ya kupasha utambi, na nzito ya volti 90 ya kuvuta umeme kwenye bamba. Kusini mwetu, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, Harry Franklin wa idara ya habari mjini Lusaka aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya taa nne ya bei nafuu kwa ajili ya Waafrika. Ilitoka mwaka 1949, kwa paundi tano, betri kando, na mwili wake ulikuwa sufuria halisi ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu. Betri moja ilidumu kama saa 300.

Watu wetu waliziita betri kavu mawe. Mawe ya tochi, mawe ya redio. Neno hili bado li hai, na kila aliyekulia kijijini anakumbuka mawe yakianikwa juani ili yapate nguvu ya jioni moja zaidi. Halina maelezo ya kikemia ndani yake. Lina uzito wa mkononi na bei ya dukani, mambo mawili ambayo mwenye redio aliyajua vizuri kuliko mtu yeyote, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuliheshimu.

Neno linalonisumbua ni masafa mafupi. Katika mazungumzo ya kawaida masafa ni umbali. Mtu akisikia masafa mafupi anadhani ni mawimbi yasiyofika mbali, kumbe ndiyo yaliyotuletea matangazo ya London na Cologne mpaka Mazinde. Kilicho kifupi ni wimbi lenyewe, na mita bendi ndicho kipimo chake: gawanya 300 kwa megahezi, unapata mita. Wimbi hilo hupanda, hugonga tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, hurudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka lilipoanzia. Ndiyo maana milima ya Usambara, iliyosimama wima nyuma ya Mazinde na kuyafanya matangazo ya FM yakatike kila ukingo wa bonde, haikulizuia. Wa Mazinde Juu na wa Mazinde ya chini kwenye mkonge walinasa kituo kimoja.

Waliogundua nguvu ya mawimbi hayo ni watu wa kujifurahisha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukuma kwenye mita 200 na chini yake, eneo lililodhaniwa halifai kitu. Wao wakajenga mitambo kwa mikono, taa juu ya meza, na Novemba 1923 Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, akazungumza kwa mkato wa Morse na Fred Schnell wa Marekani ng'ambo ya Atlantiki, kwa wimbi la karibu mita 100. Serikali na makampuni yakawafuata huko.

Watu hao tuwaiteje? Tunazo ndondi za ridhaa na soka la ridhaa, na mimi nasema redio ya ridhaa bila kusita. Kanuni za kimataifa za redio zinamtambua mtu huyo kwa sifa mbili: anafanya kwa hamu yake mwenyewe pasipo maslahi ya fedha, na ameruhusiwa kisheria. Ridhaa inabeba yote mawili, moyo wa anayetenda na idhini ya anayeruhusu. Sijui lugha nyingine iliyolipata jambo hili kwa neno moja hivyo.

Ukanda wetu ulikuwa nao. Vitambulisho vyao vilianza na VQ: VQ1 Zanzibar, VQ2 Rhodesia ya Kaskazini, VQ3 Tanganyika, VQ4 Kenya, VQ5 Uganda. Uhuru ulipokuja herufi za mkoloni zikafutwa, lakini tarakimu zikabaki: 5H3 kwetu bara, 5H1 Zanzibar, 5Z4 Kenya, 5X5 Uganda, 9J2 Zambia. Hadi leo anayesikia 5H3 anasikia Tanganyika ndani yake. Na ng'ambo ya bahari, Oman, wanakoishi ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa mwanaridhaa. Kitambulisho chake kilikuwa A41AA, na chama chao kiliundwa mwaka 1972.

Hapa ndipo ninapofika kwenye uchungu wangu. Kwa upande wa kusikiliza, Kiswahili kimeshiba: kunasa, kukamata kituo, kukoroma, mita bendi, idhaa, mawe, taa. Kwa upande wa kurusha kimeshinda njaa. Mtambo wa Heathkit, taa ya 807 yenye kofia ya chuma kichwani, namna ya kuzungusha kitasa mpaka mkondo wa bamba ushuke chini kabisa ndipo uongeze mzigo wa antena, vyote hivyo vilizungumzwa kwa Kiingereza au kwa Morse, kwa sababu wengi waliopewa leseni wakati wa ukoloni walikuwa Wazungu. Wenyeji waliachiwa kipokezi. Lugha ikaota pale mikono ilipofika, na mikono haikufikishwa kwenye kurusha.

Pengo hilo linazibika, lakini mafundi waliozishika taa kwa mikono yao wanazidi kupungua, na kamusi zetu hazina taa kwa maana hii. Ndugu msomaji, kama kwenu yupo mzee aliyewahi kufungua redio ya kabati la mbao, mwulize kila kipande alikiitaje, na mafundi wenzake walikiitaje. Andika neno, andika lilisemwa wapi na nani, uwapelekee BAKITA au Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nao walioko huko nawaomba wasiyapokee maneno hayo kama vichekesho vya mitaani. Wayaingize kwenye kamusi pamoja na neli ombwe, na walitangulize taa.