Watu wa Fedha Wanaohama: Kutoka Forodha ya Unguja hadi Benki za Lubumbashi

Kazi ya fedha katika Afrika Mashariki ilianza mikononi mwa watu waliovuka bahari, na msamiati wake bado unawashuhudia. Karani, hundi, bima, laki na pesa ni maneno ya Bara Hindi. Riba, rehani na hawala yalitoka Uarabuni, kisha Waingereza wakaleta benki na shilingi. Kwa karibu miaka 200 safari za watu hawa zimefanana: kijana anaacha kwao, anashika daftari ugenini, anapanda cheo au anarudi. Kilichobadilika ni mdhamini wake. Kwanza alidhaminiwa na ukoo, kisha na makao makuu ya benki, kisha na uraia, na siku hizi na cheti cha bodi.

Sayyid Said, Sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hakuunda idara ya forodha. Aliikodisha. Mwenye mkataba alimlipa Sultani kiasi cha reale kilichokubaliwa kwa mwaka, naye akakusanya ushuru wa bandarini. Kilichozidi kikawa faida yake. Tangu miaka ya 1830 mkataba huo ulishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, Baniani wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, kaskazini-magharibi mwa India. Nyumba hiyo ilikuwa forodha, benki na hazina ya dola kwa wakati mmoja. Wafanyabiashara wa Marekani na Ulaya walifungua hesabu zao kwake, na Sultani mwenyewe alikopa humo humo. Mwanawe aliyemrithi, Sayyid Majid, alipofariki mwaka 1870, deni lilikuwa kubwa kiasi cha kuwa mgogoro kati ya nyumba hiyo na mrithi wake, Sayyid Barghash. Wakati huo Jairam alikuwa ameshakufa huko kwao, na kazi ya Unguja ilikuwa mikononi mwa wakala wake, Ladha Damji. Mwaka 1876 mkataba ukahamia kwa Taria Topan, Khoja wa Kutch vilevile, ambaye ndiye aliyemkopesha mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip mali ya safari zake za bara.

Ajira katika nyumba hizo haikuwa na tangazo wala mtihani. Mvulana wa miaka 12 au 15 alipandishwa jahazi kwa msimu wa kaskazi, akapokewa na mjomba au jirani wa kijijini kwao, akalala dukani na kula chungu kimoja na wenzake. Alianza kwa kufagia na kupima, akafundishwa kuandika vitabu vya hesabu kwa Kigujarati, na baada ya miaka kadhaa aliyeaminika alipewa mali kauli akaanzishe duka lake: shuka za merikani, kaniki, shanga, vyote kwa neno la mdomo na mstari mmoja daftarini. Aliyekimbia na mali ya tajiri aliuharibia ukoo mzima jina, Unguja na Kutch. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana, na ilibana kuliko mkataba wowote.

Tofauti ya dini iliamua nani angekaa na nani angerudi. Mabaniani wa zamani, ambao ni Wahindu, waliwaacha wake zao India, kwa kuwa kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa najisi, zaidi kwa wanawake. Mtu alifanya kazi miaka kadhaa, akaenda kwao, akarudi tena. Makhoja na Mabohora, ambao ni Waislamu, walikuja na familia, wakajenga, wakazika wafu wao pwani. Waswahili waliowadai na kudaiwa nao wakaacha methali ambayo haina adabu lakini ina uchumi ndani yake: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Bila mkopo wake msafara haukutoka Bagamoyo.

Allidina Visram ni mfano wa waliokaa. Aliondoka Kutch akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1860, akajifunza kazi Bagamoyo chini ya mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, kisha akafuata njia za misafara na baadaye reli ya Uganda, akifungua duka baada ya duka hadi kandokando ya Ziwa Victoria na ng'ambo yake. Mahali ambapo benki ilikuwa haijafika, maduka yake ndiyo yaliyopokea na kulipa fedha za watu, maofisa wa serikali wakiwemo. Alipokufa mwaka 1916, benki zilikuwa zimeanza kuchukua nafasi hiyo.

Benki zenyewe zilifuata njia ya Wahindi. National Bank of India, iliyoanzishwa Calcutta mwaka 1863 na kuhamishia makao yake London, ilifungua tawi Unguja mwaka 1892, Mombasa 1896, Nairobi 1904 na Entebbe 1906. Wajerumani nao walikuwa na benki yao Dar es Salaam tangu 1905, ikafungwa baada ya kushindwa kwao vitani. Standard Bank of South Africa iliingia Mombasa na Nairobi mwaka 1911 ikitokea kusini. Kila moja ilikuja na watu wake. Katika National Bank of India, meneja na wasaidizi wake waliajiriwa London, wakapelekwa tawi moja hadi jingine kwa barua ya makao makuu: miaka kadhaa Bombay au Colombo, kisha Mombasa, kisha likizo ndefu nyumbani. Katika benki nyingi za aina hiyo ofisa kijana hakuruhusiwa kuoa mpaka mshahara wake ufikie kiwango kilichowekwa.

Chini ya Mzungu alikaa karani Mhindi au Mgoa. Wagoa walikuwa raia wa Ureno waliosoma shule za Kikatoliki, wanaandika Kiingereza safi, na ofisi za hazina na forodha za Kenya, Uganda na Unguja zilijaa majina yao. Mwafrika alikuwa tarishi. Mpango huo haukutokana na uwezo wa mtu. Ulitokana na ngazi ya mishahara iliyopangwa kwa rangi. Mlango wa Mwafrika ulikuwa pembeni, kwenye vyama vya ushirika vya kahawa na pamba. Chama kikuu cha Wachaga, KNCU, kilichoundwa Kilimanjaro mwaka 1933, kilihitaji makarani wa kupima kahawa na kuandika malipo ya wakulima, na huko vijana wengi walijifunza leja muda mrefu kabla ya benki kuwapa kalamu.

Uhuru uligeuza mpango huo. Mwaka 1966 Tanzania, Kenya na Uganda ziliachana na bodi ya pamoja ya sarafu iliyoundwa 1919, kila moja ikaanzisha benki kuu yake. Magavana wa kwanza wanaonyesha hali ilivyokuwa: Tanzania ilimteua Edwin Mtei, Uganda ikamteua Joseph Mubiru, na Kenya ikaanza na Leon Baranski, mwenye asili ya Poland, kabla ya Duncan Ndegwa kushika kiti mwaka uliofuata. Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Tanzania ilitaifisha benki za kigeni na kuziunganisha katika Benki ya Taifa ya Biashara chini ya Amon Nsekela. Mameneja wa kigeni waliondoka kwa wingi, na waliobaki, wengi wao vijana, walijikuta wakiendesha matawi waliyokuwa hawajawahi kuyasimamia. Benki haikusimama. Hilo ni jambo ambalo wanahistoria wa uchumi hawalipi uzito unaostahili.

Uraia sasa ukawa mdhamini, na asiyekuwa nao akaondoka au akaondolewa. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yaliwatawanya wengi. Baada ya Sultan Qaboos kutwaa madaraka Oman mwaka 1970 na kuwaita watu wenye asili ya nchi hiyo, waliosomea Unguja walipata kazi katika wizara, kampuni za mafuta na benki za Muscat, na Kiswahili kikawa kinasikika katika ofisi hizo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Wahasibu na makarani wao wakaanza upya Uingereza na Kanada, nchi ambazo kila moja ilikuwa na vyeti vyake vya uhasibu.

Wakati huohuo nchi za Afrika Mashariki zilikuwa zinatunga vyeti vyao. Mpaka hapo aliyetaka kuitwa mhasibu alifanya mitihani ya vyama vya Uingereza, mara nyingi kwa masomo ya posta. Kenya ilianzisha bodi ya mitihani mwaka 1969 na taasisi ya wahasibu kwa sheria ya 1977. Tanzania ilipitisha sheria ya bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, mwaka 1972. Uganda ilifuata baadaye sana, 1992. Kila bodi ilijenga ukuta wake, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa hesabu wa mashirika ya pamoja walirudi kila mtu kwao.

Wimbi jipya la uhamaji liliongozwa na benki za hapa hapa. Kenya Commercial Bank (KCB) ni mrithi wa ile National Bank of India iliyofika Mombasa mwaka 1896, baada ya serikali ya Kenya kununua hisa zake mwaka 1970. Iliingia Tanzania mwaka 1997, kisha Sudan Kusini, Uganda, Rwanda na Burundi. Equity Bank ilivuka kwenda Uganda mwaka 2008, na mwaka 2015 ikanunua benki katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. CRDB ya Tanzania ilifungua Burundi mwaka 2012. Wahasibu, wakaguzi na mameneja wa mikopo walitangulia au kufuata, safari hii Waafrika wakitumwa na makao makuu ya Nairobi na Dar es Salaam.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imefufuliwa, ilianza Julai 2010, na mwaka 2011 taasisi za wahasibu za nchi wanachama zikatia saini makubaliano ya kutambua vyeti vya wenzao. Cheti, hata hivyo, si kibali cha kazi. Sheria ya Tanzania ya 2015 kuhusu ajira za wasio raia inamtaka mwajiri aombe kibali kwa Kamishna wa Kazi na aonyeshe mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo.

Magharibi zaidi ukuta ni wa namna nyingine. Mwaka 2022 KCB ilinunua sehemu kubwa ya Trust Merchant Bank yenye makao Lubumbashi, na mwaka uliofuata CRDB ikafungua mji huohuo. Mhasibu anayetoka Nairobi anaelewana na wateja wa Katanga kwa Kiswahili bila shida kubwa. Lakini Kongo ilijiunga na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, kwa hiyo mfumo wa uhasibu anaoukuta huko ni tofauti na ule aliofanyia mitihani, na sheria zake zimeandikwa kwa Kifaransa.