Jeli za Pombe Zenye Sura ya Pipi: Hukumu Yake, na Suala la Jelatini

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tulikuwa Kilosa kwa darsa, na katika kurudi tukapita njia ya Mikumi ili tushike barabara kuu. Tuliposwali Isha pale mjini, alitujia dada mmoja, mpishi wa shughuli, akiwa na kaka yake. Alipewa kazi ya kupika kwa sherehe ya kuzaliwa ya mtu mzima kwenye loji moja, watu kama thelathini: pilau, kuku, kachumbari, na juu ya hayo vikombe mia vya jeli ya pombe iliyotengenezwa ifanane na pipi, yenye rangi nyekundu, kijani na manjano, na sukari imenyunyizwa juu. Mteja alimtumia maelezo kwa simu na kianzio cha fedha. Yeye akafanya majaribio ya vikombe kumi, akaviweka kwenye friji. Mtoto wa dada yake, wa miaka mitano, akafungua friji akala vitatu. Alikutwa amelegea, hasikii akiitwa. Walimkimbiza kituo cha afya, na Allah akamsalimisha.

Suali lake lilikuwa: "Sheikh, mimi sinywi na sijawahi kunywa. Hii inaliwa kwa kijiko, hainywewi, na wageni wengi si Waislamu. Je, kazi hii ni haramu kwangu?"

Tulimjibu kwa ufupi usiku ule, na tumeona tuandike kwa urefu kidogo, kwa kuwa vitu hivi vimeanza kuonekana kwenye sherehe za mijini, na wapishi wengi ni mama zetu na dada zetu.

Kwanza kijulikane kitu chenyewe. Jeli ya kawaida ni unga wa jelatini unaoyeyushwa kwa maji ya moto, kisha huongezwa maji baridi na kuachwa igande. Katika hii ya pombe, sehemu ya yale maji baridi huwekwa pombe kali, mara nyingi vodka ambayo huwa na kilevi cha asilimia 40 hivi. Kwa kuwa pombe inatiwa baada ya moto kuondolewa, hairuki hewani. Inabaki yote ndani ya jeli. Anayedhani kuwa "imeshapikwa" amekosea hata kabla hatujafika kwenye fiqhi.

Hukumu ya khamri haikuwekwa kwa jina wala kwa umbo. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya vinywaji vya watu wa kule, kimoja cha asali na kimoja cha shayiri, kila kimoja na jina lake. Mtume (s.a.w.) hakuchambua majina, alijibu kwa kanuni kuwa kila kinacholevya ni haramu, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Na Umar (r.a.) alipokuwa juu ya mimbari alitaja vitu vitano vilivyokuwa vikitengenezewa khamri zama zile, zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akabainisha kuwa khamri ni kile kinachoifunika akili. Kwa hiyo ulanzi wa Iringa, tembo la mnazi la kwetu pwani, kangara na gongo vyote vinaingia humo bila kuhitaji aya mpya. Angalieni miwa inayolimwa upande wa Ruhembe, humu humu wilayani Kilosa: juisi yake ni halali, sukari yake ni halali, na molasi yake ikishachachushwa na kukenekwa inakuwa spiriti. Mmea ni mmoja. Kilichobadilisha hukumu ni ulevi.

Sasa neno la dada yetu kwamba "inaliwa, hainywewi". Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya friji. Waliposema kuwa kilevi cha majimaji ni najisi, waliulizwa: je, khamri iliyogandishwa ikawa ngumu? Wakajibu, kama alivyoeleza al-Khatib ash-Shirbini katika Mughni al-Muhtaj, kuwa huangaliwa asili yake. Khamri iliyoganda asili yake ni maji, basi inabaki katika hukumu ya khamri na najisi yake. Bangi ikiyeyushwa, asili yake ni kitu kigumu; ni haramu kwa sababu inalevya, lakini haiwi najisi kwa kuyeyushwa. Tunaposoma masuala kama haya madrasa, wanafunzi wengine hucheka na kusema nani atagandisha pombe. Basi ndiyo hii.

Ama hoja kwamba ni kidogo, kikombe kimoja hakilevyi: hadithi ya Jabir (r.a.) kwa Abu Daud na Tirmidhi imeufunga mlango huo, kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake ni haramu pia. Na tujiulize kiasi hicho "kidogo" kikoje. Mnywaji wa glasi huona kiasi chake na huhisi ukali kooni. Jeli imefunikwa na sukari na ubaridi, humezwa haraka, na mtu hula vitano au sita kabla cha kwanza hakijamfikia. Mwaka 2017, kuanzia tarehe 1 Machi, serikali yetu ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vya plastiki, viroba, na miongoni mwa malalamiko makubwa ni kwamba vilikuwa rahisi na vidogo mno hata vijana na wanafunzi wakavifikia. Kikombe cha jeli ni kidogo vilevile, na kimezidi kwa kuvaa nguo ya pipi.

Hapo ndipo penye uzito, na hatutapita haraka. Mtoto hajui kusoma lebo, na hapa hata lebo hakuna. Pombe kwa mtoto mdogo si "kulewa kidogo atalala ataamka". Huweza kuishusha sukari ya mwilini mwake kwa ghafla, kumpa degedege, kupunguza pumzi, na akitapika akiwa amelala chali, matapishi humziba. Akitokewa na hilo, alazwe ubavu, asilazimishwe kutapika, asipewe kahawa wala kumwagiwa maji baridi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali hapo hapo. Na muhimu kuliko yote, mwambieni daktari ukweli. Dada yetu alikiri kwamba pale kituoni walianza kwa kusema mtoto "amekula kitu kibaya", kwa aibu ya kutaja pombe mbele ya majirani. Dakika zile zingeweza kuwa roho ya mtu. Kusitiri aibu kuna mahali pake, lakini hapo hapakuwa mahali pake. Mtoto mwenyewe hana dhambi yoyote, kalamu imeinuliwa kwake. Vilevile mtu mzima aliyekula bila kujua hana dhambi. Ataacha pale anapojua, ataosha mdomo wake na kilichoguswa, na ataswali swala zake kama kawaida.

Hoja ya tatu, kwamba yeye hanywi na wageni si Waislamu. Katika hadithi ya Anas (r.a.) kwa Tirmidhi na Ibn Majah, laana ya khamri imewafikia watu kumi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao, wamo anayeikamua, anayeibeba, anayeihudumia, anayeiuza na anayekula thamani yake. Mwenye kuitia kwenye jelatini na kuipanga kwenye sinia hatoki humo. Na jamhuri ya wanazuoni hawakutofautisha baina ya kumuuzia Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Majirani zetu wa Mikumi wasiokuwa Waislamu tunaishi nao kwa wema, tunakula na kuzikana, na hatuendi kuwafungia sherehe zao. Tunachozungumzia ni mkono wa Muislamu na riziki yake.

Kuhusu kianzio alichokwisha kupokea: makubaliano juu ya kazi ya haramu ni batili, kwa hiyo sehemu ya fedha iliyo ya jeli si yake, bado ni ya mteja, na airudishe. Vitu halali alivyokwisha kununua kwa fedha hiyo, kama sukari na vikombe, amkabidhi mwenyewe. Pilau na kuku ni kazi halali na ujira wake ni halali. Ila kwa kuwa pombe itakuwepo pale, tulimshauri apeleke chakula mapema na aondoke, asisimame kuhudumia wala kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, kwani kukaa hapo kumekatazwa katika hadithi ya Jabir (r.a.).

Suala la jelatini

Hata pombe ikiondolewa, linabaki la jelatini yenyewe, na hili wapishi wengi hawalijui. Jelatini hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama: nguruwe, ng'ombe, au samaki. Ya samaki haina tatizo. Ya ng'ombe ni halali ikiwa amechinjwa kisharia. Neno "ng'ombe" peke yake kwenye pakiti halitoshi. Ya nguruwe, Baraza la Fiqhi la Kimataifa la OIC lilipokutana Amman mwaka 1986 liliamua kuwa haijuzu kwa Muislamu kuitumia katika chakula, kwa kuwa zipo za mimea na za wanyama waliochinjwa zinazotosha. Ipo rai nyingine, iliyotolewa kwenye semina ya fiqhi na tiba huko Kuwait mwaka 1995, kwamba nguruwe akishageuka kikemikali kuwa kitu kingine basi kile kipya ni twahara. Sisi hatuifuati katika chakula. Katika madhehebu ya Shafi kugeuka kwa najisi hakuitwaharishi isipokuwa katika masuala machache, kama khamri iliyogeuka siki yenyewe na ngozi iliyodibaghiwa, na ngozi ya nguruwe imetolewa hata katika hayo. Na aliyepikia sufuria yake jelatini ya nguruwe ataiosha mara saba, moja kwa udongo, kwa kuwa nguruwe kwetu ni kama mbwa. Ile ya pombe tu huoshwa kwa maji mpaka iondoke.

Kwenye pakiti tazameni maandishi. E441 ni jelatini. E406 ni aga, E407 ni karajinani, E440 ni pektini, na hizi tatu zinatokana na mimea ya baharini na matunda. Karajinani hutolewa kwenye mwani, ule ule ambao kina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu mwaka 1989 na kuuanika mbele ya nyumba zao. Watu wanaulizia jeli ya halali huku bahari yetu inausafirisha mwani kwa magunia.

Kwa wapishi wetu wa Kilosa na Mikumi, aga ina faida ya ziada. Jelatini huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 30 na kidogo, na kwa jua la Kilosa itakuwa uji kabla wageni hawajafika. Aga ikishaganda haiyeyuki mpaka nyuzi 85 hivi. Tena nanasi bichi na papai bichi huizuia jelatini isigande, lakini aga inaganda nayo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa aga kwa kikombe kimoja cha majimaji kinatosha. Ichemke na maji na sukari kwa dakika mbili tatu, kisha ndipo itiwe juisi. Juisi ya ukwaju isichemshwe pamoja nayo, ukali wake huidhoofisha. Na juisi iwe ya siku hiyo hiyo, hasa ya miwa, ambayo kwa joto la kule ikilala nje huanza kuchachuka. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitiliwa zabibu kwenye maji na kunywa kwa siku tatu tu, kisha hakuinywa tena.

Jambo moja la mwisho. Wapo wanaotengeneza jeli halali kabisa kisha wakaziita kwa majina ya pombe, wakazipanga kwenye glasi za baa na kugonganisha. Imam al-Ghazali katika Ihya alitaja watu wanaokusanyika wakapanga vyombo vya ulevi na mnyweshaji anayezungusha, na kilichomo ni kinywaji cha siki na asali tu. Akasema hilo linakatazwa, ingawa kinywaji chenyewe ni halali, kwa kujifananisha na walevi. Iwekeni kwenye vibakuli au mikate kwa vipande, na iitwe jeli.

Dada yetu alitupigia simu wiki iliyofuata. Mteja alikubali pilau na kuku, akakataa jeli ya nanasi, na akampata mtu mwingine wa kumtengenezea ile aliyoitaka. Fedha yake ya jeli alirudishiwa yote. Mtoto amerudi shule, na friji sasa ina kufuli.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.