Udongo wa Sange, Ramani za Kinshasa

Ukitoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5, ukishuka mteremko wa Ngomo, baridi ya Ziwa Kivu hubaki mgongoni na joto la bonde la Ruzizi hukupokea. Miji midogo imejipanga kandokando ya barabara kama abiria wanaosubiri gari. Sange, katika wilaya ya Uvira, ni mmoja wao. Nyumba zake nyingi ni za tofali la udongo lililokaushwa juani, na udongo wenyewe huchimbwa hatua chache tu kutoka mahali nyumba itakaposimama. Aliyeichora ndiye aliyeijenga. Ramani yake ilikuwa vigingi vinne na kamba.

Ulimwengu uliisikia Sange kwa mara ya kwanza tarehe 2 Julai 2010. Jioni hiyo lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka mjini. Petroli ikamwagika, watu wakakusanyika, wengine wakichota kwa ndoo, na wengine wakiwa wamebanana ndani ya vibanda vya video wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliwapitia wote. Zaidi ya watu 230 walikufa, na wengi wao walizikwa katika makaburi ya pamoja nje ya mji. Magazeti yaliandika juu ya dereva, juu ya umaskini, juu ya barabara. Machache yaliandika juu ya nyumba: kuta za udongo, paa za nyasi, na umbali kati ya mlango na gurudumu la lori. Hayo ni maswali ya msanifu majengo, na Sange haikuwa na msanifu wa kuyauliza.

Kwa nini haikuwa naye? Jibu linaanzia mbali.

Kazi ya kujenga, kwa maana ya mtu kulipwa ili ajenge kwa kipimo na timazi, iliingia sehemu hizi pamoja na misheni. Mapadri Weupe walifika Nyangezi, juu ya mteremko huo wa Ngomo, mapema katika karne ya 20, na popote walipokaa walihitaji kanisa, shule na tanuri la matofali. Mabruda ndio waliosimamia kazi, na vijana wa Kiafrika wakajifunza kufyatua, kuchoma na kupanga tofali. Shule yao ilikuwa ukuta wenyewe. Aliyehitimu aliitwa fundi, na jina hilo lilimpa heshima kijijini. Lakini karatasi yenye mchoro ilibaki mkononi mwa bruda.

Bukavu ilikua kwa desturi hiyo hiyo, ila kwa kiwango kikubwa. Wabelgiji waliupa mji jina la Costermansville mwaka 1927, wakajenga kwenye rasi zake tano zinazoingia ziwani majumba yenye kona za mviringo na mistari mirefu, kwa mtindo wa Art Deco uliopendwa Ulaya wakati huo. Hoteli Résidence ni mojawapo ya yale ambayo bado yanamsimamisha mpita njia. Waafrika waliwekwa Kadutu, mlimani, na baadaye Bagira. Majumba ya rasini yalijengwa na mafundi wa Kadutu, na jioni mafundi hao walipanda mlima kurudi kwao.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojulikana kwa kifupi kama OCA. Ndiyo iliyojenga mitaa mizima Léopoldville (Kinshasa ya leo), Elisabethville, Bukavu na hata ng'ambo ya mpaka huko Usumbura, ambako wakazi wa Ngagara bado huita mtaa wao OCAF. Ilikuwa kazi kubwa kwa kipimo chochote: makumi ya maelfu ya nyumba kabla ya 1960, kwa michoro iliyorudiwa na mitaa iliyopangwa na soko, shule na zahanati. Ndani ya ofisi hizo Mkongo aliweza kufika kwenye meza ya kuchorea kama mchoraji ramani, mwenye mkono safi na penseli kali. Mstari aliuchora yeye. Uamuzi wa mstari upite wapi haukuwa wake. Kazi ya mchoraji ramani ilikuwa nusu ya usanifu, na kwa miaka mingi ndiyo nusu pekee iliyofunguliwa.

Mlango wa nusu ya pili ulikuwa mwembamba. Mwaka 1943 bruda wa Kibelgiji, Marc-Stanislas, alianzisha shule ya sanaa ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi, magharibi kabisa mwa nchi. Shule hiyo ilihamia Léopoldville mwaka 1949 na mwaka 1957 ikawa Akademia ya Sanaa. Ilianza kwa kuchonga sanamu, na usanifu ukaja kukaa jirani na uchoraji na ufinyanzi. Chuo kikuu cha Lovanium kilifungua milango mwaka 1954. Hata hivyo, uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba Wakongo waliohitimu chuo kikuu, wa fani zote, hawakufika hata 30. Nchi yenye ukubwa wa Ulaya Magharibi ilipaswa kujichorea miji yake kwa mikono iliyozoeshwa kunakili.

Majirani hawakuwa mbele sana. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1956, ndicho kilichofundisha usanifu kwa Afrika Mashariki yote ya Waingereza kwa muda mrefu. Makerere ilianza mwaka 1989. Beda Amuli wa Tanzania, aliyesanifu soko la Kariakoo la miaka ya 1970, alisomea Haifa, Israeli. David Mutiso, aliyeshirikiana na Karl Henrik Nøstvik wa Norwe katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, alisomea Sheffield, Uingereza. Wengi wa kizazi hicho walijifunza kujenga nyumba za kwao katika nchi za mbali.

Kongo yenyewe ilipata taasisi za ujenzi na kazi za umma Kinshasa baada ya uhuru, na mwaka 2010, mwaka ule ule wa moto wa Sange, ikapata Taasisi ya Juu ya Usanifu na Mipango Miji, ISAU, nayo pia Kinshasa. Kwa kijana wa bonde la Ruzizi, hapo ndipo ugumu unapokaa. Bukavu inazo shule za ufundi, kama ile yenye jina zuri la Fundi Maendeleo, na mkondo wa ujenzi katika shule za sekondari humpa kijana msingi wa kupima, kuchora na kukadiria sima. Akitaka kuendelea, mji mkuu uko zaidi ya kilomita 1,500, na hakuna barabara ya kumfikisha; ni ndege. Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka uwanja wa Kavumu na kuingia Bukavu, njia hiyo nayo ikakatika.

Upande wa pili wa mto Ruzizi, Rwanda, kuna njia fupi zaidi. Kigali ilianza kufundisha usanifu mwaka 2009, na leo kitivo chake kiko katika majengo ya rangi ya chungwa yenye paa zinazopanda kama vilima, kazi ya Patrick Schweitzer wa Strasbourg. Christian Benimana, Mnyarwanda, aliitaka elimu hiyo kabla haijafika kwao. Alikwenda Chuo Kikuu cha Tongji, Shanghai, na ilimbidi kwanza ajifunze Kichina. Aliporudi alijiunga na kundi la wasanifu la MASS, lililosanifu hospitali ya Butaro iliyofunguliwa mwaka 2011 kaskazini mwa Rwanda, yenye kuta za mawe ya volkano yaliyochongwa na mafundi wa hapo hapo. Mtu aliyepitia Shanghai aliishia kufanya kazi na fundi wa jiwe. Huenda ndilo jambo ambalo Sange ingelihitaji zaidi.

Maana usanifu haujawahi kuwa kazi moja. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, hakusomea usanifu. Alikarabati vinyago katika makumbusho ya Kinshasa, kisha akaanza kujenga miji ya ndoto kwa karatasi, kadi na gundi: minara, viwanja vya michezo, hata kijiji chake mwenyewe kikiwa jiji linalong'aa. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la MoMA la New York lilimwandalia maonyesho makubwa. Sammy Baloji wa Lubumbashi alishika kamera, akaisoma miji ya migodi kupitia picha za zamani na majengo yaliyobaki. Doreen Adengo wa Kampala, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na ofisi ya kusanifu, lakini pia aliandika na kutafiti majengo ya mji wake ambayo wengine waliyaona machakavu tu.

Na yupo Francis Kéré. Alitoka Gando, Burkina Faso, akaenda Ujerumani kwa mafunzo ya useremala, kisha akaingia chuo cha ufundi cha Berlin. Kabla hajahitimu alirudi kijijini kwao kujenga shule ya msingi, iliyokamilika mwaka 2001: tofali la udongo lililochanganywa na sima kidogo, paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ipite katikati. Wanakijiji walicheka kwanza, kwa kuwa udongo waliuona ni wa maskini na mvua huula. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya usanifu ya Pritzker.

Swali la udongo lina uzito wake Kivu Kusini, kwa sababu hapa kila kifaa cha ujenzi kina adui yake. Watu wa Bukavu hugawa nyumba kama makarani wa Kibelgiji walivyozigawa: ya kudumu, ya nusu kudumu, ya mbao. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika kwa nguvu ya 5.9, kuta za matofali mjini zikapasuka, na ng'ambo, Rwanda, kanisa likawaangukia waumini. Nyumba ya mbao huyumba na kusimama tena, lakini katika mitaa iliyobanana ya Kadutu moto huzila safu nzima kwa usiku mmoja. Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake na kusomba maelfu ya nyumba, nyingi za udongo. Hakuna mwalimu wa usanifu ambaye angeweza kutunga mtihani mgumu kuliko huo.

Wakati huohuo, Sange inaendelea kujengwa. Kiangazi kikianza, mwezi wa Juni, vijana hukanyaga tope kwa miguu, huli­jaza kwenye kalibu ya mbao na kupanga matofali juani, safu kwa safu, wakiyafunika kwa nyasi wingu likitokea. Kando ya kila nyumba mpya hubaki shimo udongo ulikotoka. Mvua zikirudi hujaa maji, na watoto huogelea humo.