Chui, Paa na Mchimbaji

Masisi msitu mwingi uligeuka malisho ya ng'ombe. Basi, ndugu wasomaji, tutazame Walikale, ambako msitu ungaliko. Paa wakizidi, chui hushiba na kuzaa. Paa wakipungua, chui huona njaa, watoto wake hufa, nao paa huongezeka tena.

Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana, wachimbaji wakajaa msituni wakila nyama ya pori. Lakini mchimbaji si chui: nyama wakiisha hafi njaa, kwani koltani humnunulia mchele na maharagwe. Kwa hiyo mitego haipungui. Ngagi ndio walioumia zaidi, maana jike huzaa mara moja tu kwa miaka 4 hivi. Ngagi wa nyanda za mashariki ya Kongo walikadiriwa kuwa 17,000 hivi kabla ya vita vya 1996. Mwaka 2016 wataalamu walitaja 3,800. Mwaka 2021 ilitolewa hesabu ya 6,800, si kwa wingi wa kuzaa, bali kwa kufikia misitu isiyohesabiwa kwanza.