Usichague Picha, Skani Filamu Nzima



Wengi mmeniuliza kwa nini nikipewa filamu za zamani naskani kila picha, hata zilizoungua kwa mwanga. Si nichague zile nzuri tu? Jibu langu: mpangilio wa picha kwenye filamu nao ni habari.

Hesabu kidogo kwanza. Kodak ilianza kuuza filamu ya milimita 35 katika kasha la 135 mwaka 1934. Picha moja ni milimita 24 kwa 36, na kutoka mwanzo wa picha moja hadi mwanzo wa inayofuata ni milimita 38. Picha 36 ni karibu mita 1.4, zote kwa mfuatano zilivyopigwa, na namba zimechapwa pembeni kiwandani.

Sasa njoo huku kwetu. Kitale na Bungoma filamu ilikuwa mali, haikuoshwa mpaka ijae. Nani hakumbuki kuambiwa "rudi Ijumaa, filamu haijaisha"? Ndiyo maana filamu moja ilibeba watu wasiojuana kabisa.

Ninayo moja ya mzee aliyekuwa mpiga picha Bungoma. Picha ya 1 hadi 9 ni harusi. Ya 10 hadi 17 ni watu wa picha za kitambulisho. Kuanzia ya 18 tuko Kitale kwenye shoo ya kilimo, na ya 22 inaonyesha bango lenye mwaka: 1987. Hakuna tarehe nyingine popote, lakini sasa tunajua kuwa harusi ile ilitangulia shoo hiyo. Ningeskani harusi peke yake, mwaka ungepotea.

Miaka ya 2000 skana ya Nikon Coolscan 5000 ikiwa na kifaa cha SA-30 ilimeza filamu isiyokatwa, hadi picha 40. Nikon haizitengenezi tena. Mimi natumia kamera ya dijitali juu ya taa, kisha programu fupi niliyoandika inayapa mafaili namba ya filamu na namba ya picha. Kama filamu ilishakatwa vipande, fuata namba za pembeni. Tahadhari: ukitumia skana, zima usafishaji wa vumbi kwa infraredi kwenye filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu fedha iliyomo huzuia miale hiyo na picha huharibika. Na filamu inayonuka siki itenge, maana mvuke wake huharakisha kuoza kwa nyingine.

Priya Ramrakha, Mkenya aliyepigia picha Time na Life, aliuawa Biafra mwaka 1968. Negativu zake zilikuja kupatikana miongo kadhaa baadaye katika gereji Nairobi, na kitabu chake kikatoka mwaka 2018. Yeye alikuwa na jina, akatafutwa. Mpiga picha wa Bungoma hatafutwi na mtu, na wateja wake walipewa picha tu, negativu zikabaki studio. Studio ikifungwa, sanduku linaenda jalalani.

Kwa hiyo, kama kuna mzee wa studio unayemjua, mpitie wiki hii. Mwulize sanduku liko wapi.