Nasaba ya Nahodha wa Kivuko: Billy Blue wa Bandari ya Sydney

Wahenga wamesema, mkataa kwao ni mtumwa. Je, tutamwitaje yule ambaye kwao ndiko kulikokataliwa kuandikwa? Swali hili hutukabili kila tunapoitafuta asili ya William Blue, maarufu Billy Blue, mtu mweusi aliyevusha abiria katika bandari ya Sydney, Australia, kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi alipofariki mwezi Mei 1834.

Sisi wa pwani tumezoea kupanda nasaba ngazi kwa ngazi: fulani bin fulani bin fulani, mpaka kumfikia yule aliyeshuka chomboni. Kwa Billy Blue ngazi hiyo ina kipago kimoja tu. Baba hatajwi, wala mama, na jina lenyewe la Blue hatujui alipewa na nani. Anaingia katika maandishi akiwa mtu mzima, tena kwa mlango wa mahakama. Mwezi Oktoba 1796, huko Maidstone katika jimbo la Kent, Uingereza, alihukumiwa kuhamishwa nchi kwa miaka saba kwa kosa la kuiba ratili 80 za sukari. Wakati huo alikuwa akifanya kazi za bandarini kwenye mto Thames. Nani asiyejua sukari ya siku hizo ilitoka wapi? Ilikuwa jasho la watumwa wa visiwa vya Karibi. Na mtu wa asili yao akafungwa kwa kuichukua.

Alikaa miaka zaidi ya minne katika merikebu kongwe zilizogeuzwa magereza, kisha akapakiwa katika jahazi la Minorca, lililotia nanga Sydney mwezi Disemba 1801.

Je, alizaliwa wapi? Hapa jina moja limewababaisha wengi. Jamaica ni kisiwa, lakini pia ni mji mdogo wa zamani ambao leo umo ndani ya New York. Watafiti wengi huelekea kwenye Jamaica hii ya pili, kwani Blue mwenyewe alieleza kuwa alilitumikia jeshi la Mwingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, vya 1775 hadi 1783. Mwingereza aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaoukimbilia upande wake, na maelfu waliitikia. Baada ya kushindwa, wengi wao waliishia London, hawana kazi wala jamaa. Mwanahistoria Cassandra Pybus amelifuatilia kundi hili katika kitabu chake Black Founders cha mwaka 2006, akionyesha kuwa watu weusi walikuwamo miongoni mwa wafungwa tangu msafara wa kwanza wa 1788.

Umri nao una utata. Kumbukumbu za ufungwa zinaashiria kuwa alizaliwa yapata 1767. Orodha ya watu ya 1828 inampa miaka 80. Tukiifuata hesabu ya kwanza, vita vilimkuta kijana mdogo. Tukiifuata ya pili, mtu mzima kamili. Hesabu zote mbili haziupingi usemi wake, wala hazituonyeshi kitovu chake kilipozikwa.

Kisichotiliwa shaka ni mashua. Alipomaliza kifungo alianza kuvusha watu kwa makasia. Gavana Lachlan Macquarie alimpenda, akamfanya mlinzi wa bandari na konstebo, na mwaka 1817 akampa ekari 80 upande wa kaskazini, mahali pazuri pa kuegesha. Inasimuliwa kuwa mashua zake zilipoongezeka, Gavana alimtania kwa kumwita Commodore, mkuu wa kundi la manowari, na lakabu hiyo ikamganda. Mwaka 1818 alinaswa na pombe ya magendo, akavuliwa vyeo. Ardhi na kivuko vilimbakia. Katika picha aliyochorwa na J. B. East mwaka 1834, mzee huyu anasimama na kofia yake ndefu, kana kwamba vyeo havikuvuliwa kamwe.

Kama nasaba ya juu imefichika, ya chini i wazi. Mwaka 1805 alimwoa Elizabeth Williams, mfungwa kutoka Hampshire, wakazaa watoto kadhaa. Elizabeth alifariki 1824. Watoto wa kiume waliishika kazi ya baba. Binti yao Susannah aliolewa na George Lavender, na ghuba iliyo jirani ikaitwa Lavender Bay. Damu ya Commodore ilienea katika koo nyingi za nchi ile. Lakini mwaka 1901 Australia ilitunga sheria ya kuwazuia wasio weupe kuingia, na siasa hiyo haikuondolewa kabisa hadi miaka ya 1970. Miaka yote hiyo wajukuu wa mvushaji mweusi walikuwa wenyeji wa nchi, na babu yao, lau angefika siku hizo, angerudishwa gatini.

Haki inatulazimu kuongeza jambo moja. Zile ekari 80 hazikuwa za Gavana kuzitoa. Zilikuwa nchi ya Wacammeraygal, waliovuka maji yale kwa mitumbwi ya magome ya miti karne nyingi kabla ya kasia la Blue. Aliyepokonywa kwao alipewa kwa wengine. Na kisa chake hakisomeki sawasawa pasipo chao.

Kwetu, Kivukoni na Likoni ni majina yaliyotokana na kazi: kuvuka na kuegesha. Kule, rasi iliitwa Blues Point kwa jina la mfanyakazi mwenyewe, na abiria wakaendelea kushuka hapo kwa miaka mingi baada yake, mpaka daraja kubwa lilipofunguliwa mwezi Machi 1932. Utenzi wa maisha yake umetufikia bila dibaji. Hata hivyo beti zilizosalia zinatosha kutufundisha kuwa nasaba haianzi lazima kwa babu aliyeandikwa kitabuni. Huweza kuanza kwa mtu mmoja, asiye na bin, aliyeshika kasia na kuwaachia wanawe jina la kujivunia.