Ethi isiyogusa ardhi

Fundi umeme wa nyumba akisema ethi, ana maana ya waya unaoishia kwenye fimbo iliyochimbiwa udongoni. Fundi magari hulitumia neno hilohilo, ingawa gari limekaa juu ya matairi ya mpira. Kwake ethi ni bodi yenyewe, na maana hiyo ndiyo iliyopanda angani.

Nchini Marekani wapo watu wanaojiundia ndege za alumini nyumbani, nyingi zikiwa za kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon. Kwenye mojawapo ya ndege hizo, RV-10, betri hukaa nyuma, mbali na injini. Waya mnene wa chanya husafiri hadi mbele. Wa hasi hufungwa kwenye bodi papo hapo, na umeme hurudi kupitia bati la ndege. Uzito wa waya mmoja mrefu umeokolewa. Tatizo ni kwamba alumini hujivika utando wa oksidi usiopitisha umeme, hivyo fundi husugua mpaka ing'ae ndipo akaze bolti. Injini nayo imeegemea mipira. Ikikosa waya wake wa ethi, mkondo wa stata, mamia ya ampea, utapita kwenye kebo ya kuongezea mafuta na kuiunguza.

Wanaotaka tuseme “waya wa ardhi” wako sahihi kwa nyumba tu. Ndege ikiwa futi 8,000 juu, ardhi gani hiyo? Watunga kamusi, liandikieni neno ethi maana mbili.